Mrejesho: tofi ya biskuti bila oveni, Mtwara

Ndugu zangu, niliuliza kama tofi ya biskuti za chumvi inawezekana kwa jiko la mkaa, niwapikie watoto Krismasi. Inawezekana! Asante sana dada uliyesema nisiwahi kuipua.

Nilipanga biskuti kwenye sinia lililopakwa siagi. Sufuriani, siagi gramu 225 na sukari ya kahawia gramu 200, moto mdogo, unakoroga muda wote. Wenye oveni huchemsha dakika 3 tu kwa sababu sukari inamalizia kuiva humo; sisi lazima iive kabisa jikoni. Dondosha tone kwenye maji baridi: likinyumbulika, bado, likivunjika kwa mlio, mimina haraka. Watoto wakae mbali, sukari hiyo inaunguza kuliko maji yanayochemka.

Chokoleti ukiiweka juu inayeyuka yenyewe, unaisambaza kwa kijiko. Kisha korosho za kukaanga, zilizopondwapondwa. Kwa mtu wa Kusini, karanga zipumzike kwanza!

Joto la Desemba na unyevu wa bahari huilegeza, kwa hiyo ikishapoa vunja vipande, funga kwenye kopo linalobana, weka friji kama unalo. Mama mkwe ameshaagiza ya mwaka mpya.