Mzee Ben auawe mara ngapi? Tumechoka na kuanza upya!

Bandugu, leo sina upole. Hao wakubwa wa Hollywood wanatuona hatuna kumbukumbu? Wakibadilisha mwigizaji wa Spider-Man tu, lazima tena buibui ang'ate, kijana apande ukuta, Mzee Ben aliyemlea apigwe risasi.

Tobey Maguire alituonyesha hayo yote 2002, tukashiba. Filamu yake ya tatu ikatoka 2007. Kufika 2012 wameshamleta Andrew Garfield na mzee wa watu anauawa upya! Kilichobadilika? Kwanza mwizi aliyeleta kifo hicho aliiba pesa za mwandaaji wa mieleka. Safari hii ameiba dukani, na kijana amemwacha apite kwa hasira, maana muuzaji alimnyima maziwa alipopungukiwa senti mbili. Senti mbili! Eti hiyo ndiyo hadithi mpya.

Mambo ya mkataba nayajua: Sony, wenye haki ya filamu zake, wasipotengeneza, Spider-Man anarudi Marvel waliomwanzisha. Sawa, tengenezeni. Nani amewakataza kuanzia katikati? Tom Holland alipoingia 2016 alikuwa ameshang'atwa zamani. Akasema maneno mawili matatu chumbani kwake, basi, vita ikaendelea. Hapa Lubumbashi sijasikia mtu aliyelalamika kwamba hakuelewa. Kambo zetu, mababu na mabibi, walituhadithia Kalulu, sungura mjanja, miaka yote bila kumzaa upya kila jioni.

Batman ndiyo balaa kabisa. Wazazi wake wamepigwa risasi 1989, wakapigwa 2005, wakapigwa tena 2016. Lulu za mkufu wa mama zikianza kumwagika mimi natoka nje kununua karanga. Ile ya 2022 ilitukutanisha na mtu aliye kazini tayari, ikaenda karibu masaa matatu, na wazazi wakaachwa wapumzike.

Nyie mnaosema "ruka mbele tu", njooni Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi. Kwenye banda la kuonyeshea filamu mtu mmoja ndiye anashika rimoti, na haruki kitu. Umeme nao hauna ahadi. Saa nzima ya kwanza inaliwa na kung'atwa, kujifunza kuruka, kushona nguo. Adui anatokea, watu wanakaa vizuri kwenye benchi, pah! Giza. Pesa hairudi. Kwa hiyo wengine tumelipa kuangalia kifo tulichokijua tangu tukiwa watoto, pambano hatukuliona.

Anayeitetea ile ya 2012 aje anitajie kitu kimoja ilichotuongezea. Emma Stone, aliyecheza mpenzi wake, hahesabiwi.