Vijana wa West Coast Eagles: tuna msingi au tunajipa moyo?

Tai wa Mirrabooka
Msimu wa 2025 wa AFL, ligi ya mpira wa Kiaustralia unaochezwa kwa mikono na miguu, umekwisha kwa West Coast Eagles, timu yetu ya Perth. Katika mechi 23 tumeshinda moja tu, ile ya St Kilda, na tumeshika mkia. Kabla ya kumrukia kocha McQualter, ambaye huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza, tuwapime vijana mmoja mmoja. Harley Reid, chaguo namba 1 la drafti ya 2023 (zamu ya klabu kuchagua vijana wapya), kwangu ni mchezaji wa kweli. Refa akishauanzisha mpira katikati na warukaji wakaugombania, yeye anachomoka nao huku watu wawili wamemning'inia. Ila robo ya nne pumzi inamwishia. Reuben Ginbey tangu atolewe kiungo akapelekwa beki ametulia, anajua mpira utadondokea wapi kabla haujashuka. Elijah Hewett mguu ulimtesa 2024, bado nampa nafasi. Jobe Shanahan urefu anao, mikono anayo, mwili haujakomaa. Hawa wanne tunaweza kujengea juu yao?

Mpwani
Huwezi kujenga juu ya mchanga wa kuazima. Reid ni mtoto wa Tongala, Victoria. Mwaka mzima habari ilikuwa moja: anarudi kwao au harudi. Haya, ameongeza mkataba hadi 2028. Halafu? Klabu ichague watoto wa hapahapa Australia Magharibi. Kijana wa miaka 18 anayemlilia mama yake hafai kwenye kazi ya wanaume.

Mama Watatu
Kaka Mpwani, ya mpira nakuachia. Hilo la kumlilia mama limenichoma. Kifungua mimba wangu aliondoka nyumbani na miaka 18, akaenda mgodini Pilbara. Wiki ya tatu akanipigia saa nane usiku. Hasemi kitu, nasikia feni tu inazunguka. Nikamwambia weka simu kwenye mto, usikate. Tukalala hivyo mpaka alfajiri, simu iko wazi. Leo anasimamia zamu nzima. Huyo naye hakufaa?

Kijana wa Footscray
Mpwani umesahau Elliot Yeo alifikaje kwenu? Mwaka 2013 klabu ya Brisbane waliondokewa na vijana watano kwa mkupuo. Yeo alikuwa mmoja wao, mtoto wa Perth, akarudi nyumbani. Mwaka 2018 alikuwemo mlipowafunga Collingwood fainali kwa pointi 5. Mlipofaidika na hamu ya nyumbani ya Yeo hamkuiita utoto.

Mpwani
"Mlipofaidika" unamwambia nani? Siku ile nilikuwa zamu ghalani, redio iko juu ya maboksi, Dom Sheed wetu anapiga bao la ushindi kutoka pembeni kabisa, nimesimama na trei mkononi. Usinifundishe 2018. Na mama, samahani, simsemi mwanao. Nawasema hawa wanaolipwa pesa nyingi. Mtazameni Aliir Aliir wa Port Adelaide: ametoka vitani, amezaliwa Sudan, amekwenda alikopelekwa, hakuna aliyemsikia akilalamika.

Jirani wa Adelaide
Aliir hakuzaliwa Sudan. Alizaliwa Kakuma, Turkana, Kenya yetu, 1994. Wazazi ndio walikimbia vita. Tafadhali hilo tuliweke sawa.

Mpwani
Kambi ya wakimbizi ikiwa Kenya haimfanyi Mkenya.

Jirani wa Adelaide
Sijasema ni Mkenya. Nimesema alizaliwa wapi. Mimi nimesoma Lodwar, nimefika Kakuma, vumbi lake nalijua. Mtoto aliyeanzia pale akaja kuwa beki anayeruka juu ya watu wote, mnataka nisitaje pale mahali? Na kwa taarifa yako alicheza East Fremantle, hapo hapo Perth kwenu. Sydney ndio waliomchukua kwenye drafti ya 2013. Watoto wa hapahapa unaowataka, klabu zenu zote mbili, West Coast na Fremantle, zilimpita huyo.

Tai wa Mirrabooka
Jamani, Ginbey na Hewett ni wa hapahapa. Mwaka 2022 klabu iliachia chaguo namba 2, ikachukua mawili ya chini zaidi, ndiyo yakawapata hao. Mwaka uliofuata ikakataa kuachia namba 1, ikamchukua Reid. Njia zote mbili zimejaribiwa. Naomba tuongee uchezaji.

Mzee wa Uvira
Wanangu, mnapima miche bila kuangalia shamba. Brisbane hao hao walioondokewa na watoto watano walishika mkia 2017. Wakamleta Luke Hodge, ana miaka 33, ana ubingwa mara nne na Hawthorn. Hawakumleta kwa mbio zake. Alikaa nyuma na vijana akiwapanga kwa sauti: wewe sogea, wewe mwache huyo. Leo Brisbane wamebeba ubingwa 2024 na 2025. Sisi je? Beki mkongwe Tom Barrass tumemwachia Hawthorn. Beki mwenzake Jeremy McGovern kichwa kimegongwa sana, madaktari wamemstaafisha. Na Oscar Allen, nahodha mwenza, mtoto wa hapahapa, Mpwani, amekwenda Brisbane. Ginbey atamuuliza nani?

Mpwani
Mzee, shikamoo. Mimi sikuhitaji wa kuniambia sogea. Niliondoka Tanga na miaka 17, nikaanza kazi ya jikoni Muscat, sikuwa na simu ya kumpigia mtu. Nilivumilia. Ndiyo maana neno langu ni kali, si kwamba sina watoto kama mnavyodhani.

Mama Watatu
Hakuna aliyesema huna watoto, kaka. Ungekuwa na simu, ungepiga?

Mpwani
Ningepiga kila siku. Na kesho yake ningeamka niende kazini. Lakini Reid zile mechi mbili alizofungiwa 2024 sitaacha kuzisema. Timu inazama, yeye anajifungisha.

Kijana wa Footscray
Alifungiwa kwa kumkaba Darcy Wilson wa St Kilda. Alimshika mikono, wakaenda chini, kichwa cha Wilson kikapiga nyasi. Miaka kumi iliyopita uwanja ungemshangilia. Sheria zimebadilika kwa sababu ya vichwa, kama cha McGovern.

Mpwani
Basi na yeye abadilike.

Jirani wa Adelaide
Abadilike vipi ndani ya nusu sekunde? Umewahi kumkaba mtu anayekimbia?

Tai wa Mirrabooka
Hapo nina la kusema, maana kijana wangu ana miaka 13 na Jumamosi nasimama pembeni ya uwanja. Wanafundishwa hivi: kamata nyonga, acha mkono mmoja huru ili anayeanguka ajikinge, kisha geuka wewe mwenyewe utangulie chini, mgongo wako upokee uzito. Nimemwona akirudia kwenye godoro la mazoezi mara ishirini. Ya ishirini na moja, kwenye mechi, alimshika mwenzake mikono yote miwili. Refa akapuliza. Aliniangalia mimi kabla ya kumwangalia kocha.

Mama Watatu
Ulimfanya nini?

Tai wa Mirrabooka
Nilimwonyesha nyonga. Nilijigusa hapa, kiunoni, akaitikia kwa kichwa akarudi mchezoni.

Mpwani
Reid ana nani wa kumwonyesha nyonga?

Mzee wa Uvira
Ndilo nililouliza juu ya Ginbey, mwanangu.

Mpwani
Ginbey ni beki, mzee. Mimi nauliza kiungo. Yeo mwili umechoka, Liam Baker hawezi kubeba kiungo kizima peke yake. Nitajieni mtu.