Tupeane uzoefu: Kuondoa hedasi na kurudisha manifoldi za kiwandani kwenye V8 za zamani

Mwenye GTO
Wanajamvi, salaam. Jirani yangu hapa Columbus, Ohio, amewasha Chevelle yake asubuhi hii, na ule mlio wa tiki-tiki unaovuja kwenye gasketi ya hedasi (yale mabomba ya moshi, moja kwa kila silinda, yanayofungwa badala ya yale ya kiwandani) umenitonesha kidonda. Pontiac GTO yangu ya mwaka 1967 niliinunua ikiwa na hedasi ambazo mwenye gari aliyenitangulia alizifunga kwa fahari, na tangu siku hiyo sikupumzika: bolti zililegea kwa kupata moto na kupoa, nyaya za plagi ziliungua, na mabomba yalikwangua kila tuta la mtaani. Hatimaye nilifunga manifoldi, yaani vile vipande vizito vinavyokusanya moshi wa silinda, za chuma cha kusubu za mtindo wa injini za Ram Air za Pontiac, ambazo kwa bahati nzuri zinatengenezwa upya, na siku hizi nafungua boneti kwa hiari yangu. Ninaomba kila aliyepita njia hii aeleze yaliyomkuta, hasa yale ambayo wauza vipuri hawayasemi.

Chuma Kizito
Umesema kweli tupu, kaka. Nami nilihama, na sirudi.

Charger 440
Kwa ruhusa yenu nitaandika kirefu, kwa sababu mada hii imenigusa pabaya. Dodge Charger yangu ni ya mwaka 1969, na anayeijua injini ya 440 anajua kwamba starta yake imekaa upande wa dereva, imebanwa chini kabisa pamoja na stelingi, na hedasi zinapita hapo hapo. Agosti moja mimi na mke wangu tulikuwa njiani kwenda Detroit kwenye msafara wa magari wa barabara ya Woodward, tukasimama karibu na Toledo kujaza mafuta. Starta ikagoma kwa joto, jambo tulilokwisha kulizoea, nasi tukangoja ipoe. Injini ilipokubali kuwaka tukarudi barabarani, na hatukufika mbali kabla moshi wenye harufu ya mpira haujaanza kupenya chini ya dashibodi.

Nilipofungua boneti niliikuta kebo nene inayotoka kwenye betri kwenda kwenye starta imelala juu ya bomba la hedasi, mpira wake umeyeyuka na shaba imegusana na chuma. Kebo hiyo haina fyuzi, na umeme wake haupiti kwenye swichi, kwa hiyo kuzima injini hakukusaidia kitu. Kebo ilikuwa nyekundu kama kaa la moto na rangi ya bati lililo karibu nayo ilianza kuvimba. Mke wangu alikuwa ameshaokoa pochi yake, hati za gari na chupa ya chai, kwa mpangilio huo huo, huku akinieleza kwa sauti kubwa aliyoyasema tangu siku nilipolinunua gari lile. Ndipo liliposimama lori, akashuka dereva ambaye bila salamu alichomoa mkasi mkubwa wa kukatia minyororo na kuikata kebo ya hasi kwa mkupuo mmoja. Kisha akageuka na kusema kwa Kiswahili safi cha Mombasa: «Poleni sana. Lakini shemeji ana haki.» Alikuwa Msomali aliyekulia Majengo, na sisi tulidhani tunagombana kwa siri.

Majira ya baridi yaliyofuata hedasi ziling'oka, zikaingia manifoldi za 440 zile zenye njia pana. Mtakayouziwa ni manifoldi, lakini gharama yenyewe iko kwingine. Hedasi huishia nyuma sana chini ya sakafu, ilhali manifoldi ya kiwandani huishia juu, ubavuni mwa injini, kwa hiyo ukishaibadilisha unabaki na pengo refu ambalo ni lazima lizibwe kwa mabomba mapya ya mbele yaliyokunjwa kwa kipimo cha gari hilo. Halafu bolti mbili zilikatikia ndani ya silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha silinda manifoldi inapofungwa), na fundi alizitoa kwa kuchomelea nati juu ya kila kipande, akaacha moto ufanye kazi yake, ndipo akazungusha taratibu.

Binti Pwani
Nimeacha chungu jikoni kwa ajili ya habari hii. Yule dereva mlimlipa nini?

Charger 440
Alikataa fedha, dada. Aliondoka na chupa ya chai.

Volti Kumi na Mbili
Kwa heshima zote, dereva huyo alibahatika. Mimi ningekata kebo ya chanya, kwa maana ndiyo iliyokuwa inawaka.

Chuma Kizito
Ukikata chanya kwa mkasi wa chuma, na mkasi huo ukagusa mwili wa gari, umetengeneza hitilafu ya pili huku umeishika mkononi. Hasi hukatwa kwanza.

Volti Kumi na Mbili
Nimefanya kazi ya umeme wa magari kabla hujazaliwa.

Chuma Kizito
Shikamoo. Hasi hukatwa kwanza.

Mwenye GTO
Ndugu zangu, tafadhali turudi kwenye manifoldi.

Robo Maili
Ninyi mnazisema hedasi kana kwamba zilikuja peke yake. Kila silinda ikiwa na bomba lake lenye urefu uliopimwa, moshi wa silinda moja husaidia kuvuta moshi wa nyingine, na injini inapumua vizuri zaidi kwenye mizunguko ya juu. Kiwanda kilipenda chuma cha kusubu kwa sababu ni rahisi kutengeneza, ni kimya na kinadumu. Anayetaka gari la kimya anunue V8 ya waheshimiwa, ile ya kule nyumbani yenye viyoo vyeusi.

Mwenye GTO
Hakuna anayebisha kuhusu uwanja wa mashindano, mdogo wangu. Lakini kati ya taa moja na nyingine hapa mjini sijamwona mtu anayefikisha mizunguko 6,000 kwa dakika, na tofauti iliyobaki chini ya hapo haitoshi kulipia nyaya za plagi.

Duster 340
Wenye Mopar (magari ya kundi la Chrysler, kama Dodge na Plymouth) za bloku ndogo, zingatieni hili. Kwenye injini hizi baadhi ya matundu ya stadi (bolti zisizo na kichwa) za manifoldi, yale ya pembeni, hupenya hadi kwenye njia ya maji. Fundi aliyefunga zangu hakupaka dawa ya kuzibia kwenye nyuzi za stadi, na nilihangaika na maji yanayopungua bila kuona tone sakafuni.

Camaro 69
Kwa anayepeleka gari mbele ya majaji wa maonyesho, manifoldi iliyotengenezwa upya haitoshi. Chuma cha Chevrolet kina tarehe iliyosubiwa humo humo: C 12 9 maana yake ni tarehe 12 Machi, na 9 ya mwisho ni ya mwaka 1969. Tarehe hiyo inapaswa kutangulia kuundwa kwa gari lenyewe, na ndiyo maana wauzaji wanaodai bei ya mahari hawatoi picha ya karibu.

Chuma Kizito
Msisahau kabureta. Ikiwa jeti zake, vile vitundu vya kupitishia petroli, ziliongezwa ili kuifuata hedasi, manifoldi zikirudi petroli itazidi na plagi zitakuwa nyeusi.

Robo Maili
Na gasketi wekeni mbili mbili, ili mfurahie tiki-tiki vizuri.

Charger 440
Kwa 440 kiwanda hakikuweka gasketi kabisa. Chuma kinatanuka na kuteleza juu ya silinda hedi, kwa hiyo nyuso zisawazishwe kwa mashine na nati zikazwe kuanzia katikati kwenda pembeni.

Duster 340
Mimi naweka gasketi, na sijajuta. Nyuso za miaka hamsini na zaidi si nyuso za kiwandani tena.

Binti Pwani
Basi na mimi niulize. Mume wangu ameletewa manifoldi ya Mustang yenye injini ya 428 Cobra Jet, na muuzaji anaapa kwamba haina ufa. Tutajuaje kabla hatujalipa?

Mwenye GTO
Mwambie aining'inize kwa waya, dada, kisha aigonge kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kama kengele, na yenye ufa hutoa mlio mfu. Muuzaji akikataa igongwe, mmeshapata jibu.

Volti Kumi na Mbili
Na ikiwa na ufa mdogo inachomeleka, ila ipashwe moto kwanza na itumike fimbo ya nikeli. Mpe fundi anayejua chuma cha kusubu, si anayejua mageti.