Kompyuta imekuwa bubu ghafla, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani, natumia Windows 10. Juzi umeme ulikatika nikiwa naangalia mpira. Uliporudi nikawasha: picha safi, sauti hakuna kabisa.

Spika ni nzima, nimezichomeka kwenye simu zinapiga hadi jirani analalamika. Waya nimeuhakikisha, uko kwenye tundu la kijani kule nyuma, si la maiki. Ajabu ni kwamba nikicheza wimbo, kile kipimo cha sauti kinapanda na kushuka kama kawaida. Yaani yenyewe inaamini inatoa sauti!

Nikifungua orodha ya vifaa vya kutolea sauti naona jina la skrini tu, la spika silioni. Skrini nimeiunga kwa HDMI (waya unaobeba picha na sauti pamoja) na haina spika. Je, sauti inapotelea huko? Niweke upya draiva ya sauti (programu inayoiwezesha Windows kutumia saketi ya sauti), au ndiyo saketi yenyewe kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imeungua?

Fundi wa mtaani anataka nibadili mazabodi nzima, nahisi ananipiga. Kuna aliyewahi kutumia kile kikadi cha sauti cha kuchomeka kwenye USB? Kinafaa?