MJADALA: Mgonjwa akiridhia ubongo wake uchunguzwe akifa, ukoo una haki ya kukataa?

Wadau, natanguliza msimamo wangu: mtu mwenye skizofrenia au baipola (maradhi makubwa ya akili), akiwa ametulia na anajielewa, akisema akifa ubongo wake uchunguzwe, ukoo usitengue neno lake.

Mpaka leo hakuna kipimo cha damu cha kuthibitisha maradhi haya. Daktari wa hospitali ya akili, iwe Mathari ya Nairobi au Mirembe ya Dodoma, anategemea maelezo ya mgonjwa, ya ndugu, na anachokiona mwenyewe. Mabadiliko yenyewe yako ndani ya fuvu. Mwaka 2000 Guidotti na wenzake wa Chicago walichunguza bongo 60 za marehemu: 15 za skizofrenia, 15 za baipola, 15 za sonona na 15 za watu wasio na maradhi hayo. Protini mbili, rilini na GAD67, zilikuwa zimepungua kwa wenye skizofrenia na kwa wenye baipola waliowahi kupata saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama kusikia sauti zisizokuwepo). Kwa wenye sonona hazikupungua. GAD67 ndiyo inayotengeneza GABA, kemikali ya kutuliza seli za ubongo. Yaani magonjwa mawili yenye majina tofauti yameacha alama moja. Mate wala damu visingelionesha hilo.

Na mate ndiyo tuliyotoa sisi Waafrika. Utafiti wa NeuroGAP uliofanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini ulikusanya mate kwa ajili ya jeni. Ni kazi kubwa, naiunga mkono. Lakini jeni inakupa uwezekano tu. Protini iliyopungua mahali fulani utaiona kwenye ubongo wenyewe, na bongo nyingi zilizochunguzwa hadi sasa ni za watu wa Marekani na Ulaya.

Najua pingamizi. La kwanza, maiti izikwe nzima na mapema. Kwa wengi hili ni suala la imani, na asiyetaka asiguswe kabisa. Ila kwa aliyeridhia, haraka ni ya pande zote: protini huharibika kadiri saa zinavyopita, hivyo ubongo hutolewa mapema, sehemu ikagandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, nyingine ikatiwa formalini, dawa ya kuhifadhi maiti. Ngozi hukatwa kwa nyuma ya kichwa, uso hauguswi.

La pili ni zito zaidi. Wengi wa marehemu hao walimeza dawa kwa miaka, kwa hiyo ni vigumu kujua kilicholetwa na ugonjwa na kilicholetwa na dawa. Mtu atasema kwetu wapo walioishi muda mrefu bila dawa, watafiti watawataka sana. Hapo nasita. Kumwacha mtu bila dawa akiwa hai, halafu kuuthamini ubongo wake akifa, ni dhuluma. Kwangu sharti ni moja: kliniki inayoomba ubongo iwe inampa dawa mgonjwa huyo leo.

Wenye wagonjwa nyumbani, na nyie manesi wa wodi za akili, nataka kuwasikia kwanza: ridhaa hiyo ichukuliwe lini, na nani awe shahidi?