Naomba ushauri: mgeni ughaibuni, nichukue laini ya mkataba au nibaki na ya kulipia kabla?

Ndugu zangu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa mlioishi nje muda mrefu.

Kwa sasa natumia laini ya kulipia kabla, niliyoisajili kwa pasipoti. Shida ni bando: linakata kabla mwezi haujaisha, na kazi zangu zote ni za intaneti. Nikaenda kuulizia laini ya mkataba. Dada wa kaunta aliingiza taarifa zangu, kisha akanigeuzia skrini nijionee: sina historia ya mikopo hapa, kwa hiyo natakiwa kuweka amana, na mkataba ni wa miezi 24. Kibali changu cha ukaazi kinaisha kabla ya hapo! Nisipoongezewa muda nikaondoka, nitadaiwa miezi iliyobaki? Kuna aliyewahi kuvunja mkataba kwa sababu ya kibali? Hili linaninyima usingizi kweli, sitaki deni linifuate hadi nyumbani.

Simu mpya siihitaji. Niliyonayo haijafungwa kwa mtandao wowote na inakubali eSIM (laini ya kidijitali isiyohitaji kadi).

Jingine ni namba ya nyumbani. Benki hutuma misimbo ya uthibitisho huko, siwezi kuipoteza. Nafikiria kadi ya nyumbani ibaki kwenye simu, data yake nizime kabisa, halafu laini ya huku iwe eSIM. Mnaofanya hivyo, mnawezaje kuiweka hai isifungwe kwa kutotumika? Ujumbe wa benki unaingia bila shida?

Natanguliza shukrani.