Nimelipia simu iliyokwisha kulipwa kwa miezi 7, kisha nikaambiwa "hukuuliza"

Ndugu wanajukwaa, naandika haya sikio likiwa bado la moto, kwa maana nimekata simu ya wale watu dakika 10 tu zilizopita na mkono haujaacha kutetemeka. Sitawataja. Kila mmoja wenu anawajua: ni wale wenye muziki wa kusubirisha unaokatizwa kila baada ya muda mfupi ili sauti ikuhakikishie kwamba wewe ni mteja wa thamani, kisha muziki unaanza upya pale pale ulipoanzia, na mtu anaweza kuoa, kulea na kuozesha kabla hajasikia sauti ya binadamu.

Nilikuwa mtu wa malipo ya kabla kwa miaka yangu yote. Nilinunua vocha, nikakwangua, nikajiunga na kifurushi, na kikiisha nilijua kimeisha. Nikahamia laini ya mkataba wa miezi 24 kwa sababu nilionyeshwa simu janja mpya, nikaambiwa kwamba ukiingia mkataba simu hiyo unapewa bure. Malipo ya kila mwezi yalikuwa fungu moja lisilogawanywa, na katika karatasi zote nilizotia sahihi hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema kiasi gani ni cha simu na kiasi gani ni cha maongezi na intaneti. Ni juzi tu nilipolinganisha fungu langu na bei ya laini yao wenyewe isiyo na simu, yenye dakika zile zile na GB zile zile, nikagundua kwamba theluthi mbili za nilichokuwa nalipa zilikuwa za simu. Simu ile haikupata kuwa ya bure hata siku moja. Niliuziwa kwa mkopo, na mkopo ukapewa jina la zawadi.

Hilo ningelimeza, kwa sababu mtu mzima akitia sahihi ametia sahihi. Kinachonichoma ni kwamba miezi 24 ilikwisha, simu ikawa imelipwa yote, na wao wakaendelea kukata fungu lile lile zima mwezi wa 25, wa 26, wa 27, hadi huu wa 31, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Leo asubuhi nimekaa na ankara zangu zote mezani, nimezihesabu mara tatu, kisha nikapiga huduma kwa wateja.

Nilimweleza kijana aliyepokea kwa upole, nikimwita ndugu yangu. Akaniomba nisubiri aangalie. Akaangalia, akathibitisha kwa kinywa chake mwenyewe kwamba malipo ya simu yalikamilika miezi 7 iliyopita. Nikamuuliza: sasa ndugu yangu, hizo theluthi mbili mlizoendelea kuzikata miezi yote hiyo zilikuwa za kulipia nini? Akanyamaza. Nikamsikia akibofya. Kisha akasema: "Hukuuliza."

Hukuuliza! Hakusema samahani, hakusema ngoja nimwulize msimamizi wangu, hakusema hata uongo wa heshima ambao mtu hujitungia akifumaniwa. Alilitamka kwa utulivu wa mtu anayekutajia saa.

Kampuni hii hunitumia ujumbe kila siku ya Mungu. Hunijulisha kwamba nimetumia robo tatu ya kifurushi changu. Hunitakia heri ya siku ya kuzaliwa. Huniuliza kama ningependa wimbo wa kuwaburudisha wanaonipigia, na nikikataa huniuliza tena kesho yake, na kesho kutwa, mpaka nadhani wimbo huo umelipiwa na ukoo wao mzima. Kampuni inayojua nimebakiwa na MB ngapi saa 8 usiku haikujua kwamba mkataba wake yenyewe, wenye tarehe iliyoandikwa na yenyewe, umefika mwisho. Mtu anaingiza mkono mfukoni mwako kila mwezi, kisha anataka wewe ndiye umwulize kama ameshatosheka.

Nimeshaamua kurudi kwenye malipo ya kabla, na atakayeniambia kwamba mkataba una nafuu aje na ankara zake tuzisome pamoja. Salio la vocha lina dhiki zake, lakini halijapata kunikata fedha za kitu nilichokwisha kukilipia. Nimeandika kwa hasira na sitaki kupoa. Neno moja tu, ndugu zangu: hukuuliza. Miezi 7!

Tarishi wa Zamani:
Pole sana ndugu yangu. Nimepiga hesabu kwa niaba yako. Theluthi mbili za malipo 24 ni sawa na malipo 16 kamili, na hiyo ndiyo bei halisi uliyoinunulia simu. Theluthi mbili za malipo 7 ya ziada ni malipo 4 na theluthi mbili. Kwa hiyo umeshalipia zaidi ya robo ya simu ya pili ambayo hujawahi kuishika. Waandikie barua, udai tofauti yote tangu mwezi wa 25, na katika barua hiyo litaje neno lile lile alilokujibu, kwa sababu ni ushahidi kwamba walijua. Kama maongezi yao na wateja yanarekodiwa, basi wanalo.

Mwana wa Vocha:
Mleta uzi, nakuonea huruma lakini nitakuambia ukweli: umekuwa na ankara 31 ndani ya nyumba na umezisoma leo. Mtoto wa shule hupewa daftari akalisoma jioni ile ile. Kosa la kwanza ni lao, la pili ni lako, na hili la pili lingekomesha la kwanza mwezi wa 25.

Mleta uzi:
Mwana wa Vocha, ankara ilikuwa na mstari mmoja tu wenye jumla. Ningeisoma jioni, asubuhi na adhuhuri, ningeona jumla ile ile. Ndiyo maana nasema hukuuliza ni tusi, kwa sababu swali lenyewe walilificha ndani ya fungu.

Shangazi Salio:
Jambo hili lina dawa, na si ya kubahatisha. Uingereza, tangu Februari 2020, msimamizi wa mawasiliano anawalazimisha watoa huduma kumwarifu mteja kabla kipindi cha mkataba wake hakijaisha na kumwonyesha bei atakayolipa baadaye. Umoja wa Ulaya nao umeweka kikomo cha miezi 24 kwa kipindi cha kwanza cha mkataba wa mlaji. Pale ambapo sheria haipo, mwanangu, kila mtu ajiwekee ukumbusho kwenye simu yake siku ile ile anapotia sahihi, wa tarehe ya mwisho na wa mwezi mmoja kabla yake. Wapo pia wanaokutaka utoe taarifa siku 30 kabla ya kuondoka, na usipoitoa unalipa mwezi mwingine.

Mtoro wa Ankara:
Wewe walikukata baada ya mkataba kwisha. Mimi nilitaka kutoka katikati, mwezi wa 9, kwa sababu nilihamia mahali ambapo mtandao wao hausomi hata ukipanda juu ya paa, nikaambiwa nilipe miezi yote 15 iliyobaki kwa mkupuo. Nililipia miezi 15 ya huduma ambayo, kwa maneno ya fundi wao mwenyewe, haifiki pale ninapolala. Hilo nalo mnaliitaje? Mleta uzi angalau simu ilikuwa inashika.

Kisima cha Nne:
Mtoro, kabla ya kuingia mkataba mtu hununua laini ya malipo ya kabla ya mtandao huo huo, akaitumia wiki 2 nyumbani na kazini, ndipo akatia sahihi. Minara ni ile ile. Nimewashauri watu wengi hivyo, na hakuna aliyerudi kunilaumu.

Mtoro wa Ankara:
Nilihama baada ya kutia sahihi. Nimeandika hivyo. Soma.

Mwana wa Vocha:
Msiwadanganye watu kwamba malipo ya kabla ni pepo. Kifurushi changu kiliisha nikiwa natazama video, na hakuna aliyeikata. Iliendelea kula salio la kawaida kwa bei ya nje ya kifurushi, ambayo kwa kila MB ni kubwa mara nyingi kuliko ya ndani, mpaka salio lote nililoliweka kwa ajili ya mwezi mzima likateketea kabla video haijafika nusu. Video ya ubora wa juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa moja. Salio langu lilikuwa kama jani kavu lililotupwa motoni.

Shangazi Salio:
Hapo zima matumizi ya intaneti nje ya kifurushi. Mitandao mingi inayo huduma hiyo kwenye menyu, ila huifungia chini kabisa, baada ya nyimbo na bahati nasibu. Zima pia programu kujisasisha zenyewe kwenye data ya laini.

Mleta uzi:
Tusitoke kwenye hoja, tafadhali. Miezi 7. Alithibitisha mwenyewe kwamba simu imelipwa, kisha akasema hukuuliza. Kuna yeyote aliyewahi kurudishiwa fedha zake?

Bandari Kavu:
Mimi wananikera kwenye ujumbe mfupi, na hakuna anayelizungumza. Nina kifurushi cha ujumbe 100 na kinaisha nikiwa nimetuma 50. Nilidhani naibiwa, mpaka nikaelewa kwamba ujumbe mmoja wa kawaida hubeba herufi 160, lakini ukitia emoji moja tu, hata kauso kamoja ka kucheka mwishoni, mfumo wa maandishi hubadilika na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 100 wenye kauso hukatwa vipande viwili, na wewe unahesabiwa ujumbe mbili. Nimefanya kazi ya kuwachekea watu kwa gharama mara mbili mwaka mzima.

Kisima cha Nne:
Bandari, umenifumbua macho. Nilimgombeza mwanangu kwa kumaliza ujumbe wangu.

Tarishi wa Zamani:
Mengine msiyasahau kwa upande wa malipo ya kabla: laini isiyowekwa salio kwa muda mrefu hufungwa, na namba hiyo baadaye hupewa mtu mwingine. Ukiwa umeiunganisha na barua pepe yako au benki yako, namba za uthibitisho zitakwenda kwa mgeni. Kaka yangu aliiacha laini yake ya pili ikalala, na sasa anayeipokea ni mama mmoja ambaye amechoka kuambiwa kwamba ana deni asilolijua. Mwenye mkataba hapatwi na hilo maadamu analipa.

Mtoro wa Ankara:
Maadamu analipa hata pasiposhika mtandao.

Jicho la Usiku:
Nimesoma uzi wote na sijaona aliyegusa wizi mkubwa kuliko wote, ambao ni kifurushi cha siku moja. Jana nilikinunua saa 4 na nusu usiku ili nimalizie kazi ya mtu iliyokuwa na muda maalumu. Saa 6 kamili usiku intaneti ikakatika, GB zikiwa zimebaki karibu zote. Kumbe kwao siku si saa 24 tangu ununue, siku ni mpaka usiku wa manane. Nilipata siku moja yenye saa 1 na nusu!

Mwana wa Vocha:
Hiyo nimelizwa nayo mara tatu.

Kisima cha Nne:
Mimi pia, tena nikiwa safarini. Kuna ambavyo vimeandikwa "saa 24" na vingine "siku 1", bei inakaribiana, na tofauti ni hiyo. Siku hizi nasoma neno hilo kabla ya kubonyeza.

Bandari Kavu:
Na zile GB zilizobaki, mtu akinunua kingine kabla ya saa 6, zinahamia au zinapotea?

Jicho la Usiku:
Zilizobaki kwangu zilipotea zote. Nilinunua kingine saa 6 na dakika 5, ndipo nikasoma kwamba ilinipasa kukinunua kabla cha kwanza hakijakufa ndipo zihamie. Dakika 5!

Mleta uzi:
Ndugu zangu, barua nimeshaiandika.

Mwana wa Vocha:
Jicho, mtandao wako ni upi? Wangu nilijaribu kuzihamisha saa 5 na dakika 50, zikakataa pia.